«Mine»: neno moja, mashimo mengi

Ku Lubumbashi, ku Likasi na ku Kolwezi, kuko maneno machache tunatumia mingi kama «mine». Baba anaenda ku mine, mama anangoja makuta ya mine, mtoto anaota kuwa ingénieur ya mines. Kwa Kifaransa tunasoma «mini». Lakini siku hizi makampuni mengi yanaandika Kiingereza ku pancarte, ku kontra, hata ku karatasi za usalama. Pale neno linabaki na herufi zilezile nne, ila linasomwa «main». Mtu asishituke: haina maini ya ngombe! Mwingereza amelipa neno hilo kazi tatu, na zote tatu zinatugusa sisi watu wa shaba na cobalt. Tuziangalie moja moja.

Kazi ya kwanza: shimo

Waingereza hawakulitunga wenyewe. Walilitoa ku Kifaransa cha zamani. Na Wafaransa nao, wenye kuchunguza asili ya maneno wanafikiri, waliliriti kwa Waselti, watu walioishi Ulaya mbele ya Waroma kufika. Mpaka leo, kule Wales, jiwe lenye chuma ndani linaitwa «mwyn». Kwa hiyo yaonekana neno hili lilianza na jiwe lenyewe, ile tunaita minerai, kisha likashika na mahali linapochimbwa. Kutoka pale tumepata minerai, minéral, na hata «eau minérale» ya mu chupa, maji yaliyopita mu mawe ya chini.

Na ile mine ya crayon ya mtoto wa masomo? Ni ndugu yao, juu ya ule weusi unaoandika ni graphite, jiwe la kuchimbwa. Lakini mtu akikuambia uko na «bonne mine», usitafute shimo pale. Hilo ni neno lingine kabisa. Wanafikiri limetoka kwa Wabretoni, na kwao «min» ni mdomo wa nyama. Maneno yamefanana sura, ukoo ni mbalimbali.

Kazi ya pili: moto chini ya ardhi

Mwaka 1215 mfalme John wa Uingereza alizunguka ngome ya Rochester, ambamo maadui wake walijifungia. Ukuta ulikuwa mgumu sana. Akaita wachimbaji. Wakachimba galerie chini ya pembe ya mnara, wakategemeza juu kwa miti, sawasawa na boisage tunayoijua. Kisha mfalme akaagiza nguruwe 40 wanono, mafuta yao yakawashwa mu galerie. Miti ikaungua, pembe ya mnara ikaanguka. Kila mtu aliyefanya kazi ya chini anaelewa bila kuelezwa: boisage ikienda, kila kitu kinaenda.

Njo maana kwa Kiingereza kumuharibia mtu kwa siri kunaitwa «undermine», kumchimbia chini. Wazee wetu walijua zamani, wakaonya: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nyuma ikaja baruti. Tarehe 7 Juni 1917, kule Messines mu Ubelgiji, Waingereza walilipusha mines 19 chini ya majeshi ya Ujerumani. Wengi kati ya wale waliochimba galeries zile walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Baadaye neno likapanda juu, likawa jina la bombe ndogo inayofichwa mu udongo na kungoja mguu wa mtu.

Vita ya 1998 mpaka 2003 iliacha bombe za namna ile mu inchi yetu. Tuambie watoto wazi: pancarte nyekundu yenye kichwa cha mfu na neno «MINES» haikuiti ku kazi, inakufukuza. Usiguse kitu. Simama, rudi pole pole ku alama za miguu yako, kisha peleka habari kwa chef.

Kazi ya tatu: yangu

Hii inashangaza zaidi. Kwa Kiingereza «mine» ni pia «yangu». Haikutoka kwa Wafaransa. Ni ya ukoo wa Kijerumani, ambamo wanasema «mein». Waflamand wa Ubelgiji wanasema «mijn», na kwao vilevile neno moja linabeba maana mbili, shimo na yangu. Wakati wa Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, Mflamand aliweza kusimama mu Katanga na kusema «mijn mijn», maana yake mine yangu.

Hapa mchezo wa maneno unaisha. Mine ni ya nani?

Code minier ya 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inajibu: vile vilivyo chini ya ardhi ni mali ya Serikali. Kampuni, hata ile kubwa, inapata permis ya miaka 25, inayoweza kurudiwa. Ile inaita yake ni mazao iliyotoa. Creuseur naye, anayesema «puits hii ni yangu», sheria inamuomba carte, coopérative, na zone ya exploitation artisanale. Bila hivyo jasho ni lake, lakini mawe yanaweza kunyanganywa.

Angalieni tena neno «carrière». Sisi ku kazi tunaita hivyo shimo kubwa la wazi la shaba. Mu sheria, «carrières» ni mambo ya mchanga, udongo na mawe ya kujengea. Mtu anayekuuzia karatasi ya carrière hakuuzii shaba.

Na wale wasiochimba, wanaokula vumbi tu? Tangu 2018 redevance ya cobalt ni 10%. Katika kila redevance, Serikali ya kati inachukua 50%, provinsi 25%, commune, secteur ao chefferie 15%, na mufuko wa vizazi vya kesho 10%. Juu yake, kampuni inatoa 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu. Kwa hiyo mama wa Fungurume hawezi kusema «mine», yangu, lakini anaweza kusema «yetu», na kuuliza bourgmestre ao chef wa secteur ile 15% imejenga nini.

Basi mukipewa karatasi ya Kiingereza, musitie mkono haraka. Ombeni isomwe kwa Kifaransa ao Kiswahili, na kila pahali neno hilo linatokea, ulizeni: hapa ni shimo, ao ni «yangu»? Na kama ni «yangu», ni ya nani?