Bolti Katika Mwamba Wenye Nyufa

Mtu aonaye vichwa vya bolti vilivyopangwa katika dari ya handaki huweza kudhani kwamba kila bolti imeangika jiwe lake, kama msumari uangikavyo picha ukutani. Pengine ni kweli: jiwe moja lililolegea likipenywa na bolti ifikayo hata mwamba mzima ulio nyuma yake, chuma huubeba uzito wote, na hesabu yake ni nyepesi. Lakini mwamba uliopasukapasuka hauna nyuma yake mwamba mzima wa kutumainiwa. Ni ufa juu ya ufa. Bolti basi yashika nini?

Jibu lilidhihirishwa Australia, katika kazi za umeme wa maji za Snowy Mountains zilizofanywa kati ya 1949 na 1974, ambapo yalichimbwa mahandaki ya urefu wa kilomita 145 hivi. Mhandisi T. A. Lang alitwaa ndoo, akaijaza kokoto tupu, pasipo saruji wala gundi. Akatia bolti ndogo katikati, akaikaza, kisha akaipindua ndoo. Kokoto hazikumwagika. Bolti haikuzibeba moja moja, kwani nyingi hazikuigusa hata kidogo. Ilizibana, nazo zikasuguana na kushikana, zikawa kitu kimoja chenye kujibeba. Vivyo hivyo bolti zikipangwa karibu karibu, mibano yao hukutana, na juu ya handaki hutokea tao la mwamba uleule mbovu. Kanuni ya Lang ni kwamba urefu wa bolti usipungue mara 2 ya nafasi iliyo kati ya bolti na bolti: za mita 3 zisiachane zaidi ya mita 1.5.

Hapo neno lina uzito. Kutegemeza ni kazi ya nguzo, kitu cha nje kipokeacho mzigo. Bolti haitegemezi, yafungamanisha. Fundi aliyeambiwa kwamba anategemeza hataona ubaya wa kuzipanga mbali mbali, maadamu ametumia chuma kinene zaidi.

Tofauti hiyo huingia hata katika vielelezo vya hesabu. Mwenye kuhesabu aweza kuuchukua mwamba kuwa kitu kimoja, nyufa akazigeuza kuwa udhaifu ulioenea kote. Hufaa nyufa zikiwa ndogo na nyingi mno. Zikiwa chache na kubwa, njia hiyo hudanganya. Mwaka 1971 P. A. Cundall alitoa njia ya kulihesabu kila pande la mwamba peke yake, likisukumana na jirani zake. Katika vielelezo vya namna hiyo bolti yaweza kuchorwa kuwa mstari wa vipande vifupi, vilivyoungwa na mwamba kwa springi zilizo mfano wa saruji iliyojaza tundu. Penye ufa huongezwa kizuizi cha pili, kwa maana mapande mawili yakitelezana, chuma hupindika na kuupinga mtelezo. Kizuizi hicho kikisahauliwa, bolti huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Ama ugumu wa hizo springi haupatikani mezani; hupatikana kwa kuzivuta bolti zilizokwisha kutiwa mwambani, mle mle handakini, hata zianze kuteleza.