POPOO, MADINI YA MWILI NA MARADHI YA KUKAKAMAA KINYWA

Tambuu ni uraibu wa asili katika visiwa hivi, na kijaluba chake ni alama ya heshima kwa mgeni. Hata hivyo, inafaa wananchi wafahamu kuwa popoo, hata ikitafunwa bila ya tumbaku, ndiyo chanzo kikuu cha maradhi ya kukakamaa utando wa ndani ya kinywa. Baadhi ya wagonjwa wa maradhi hayo huishia kupata saratani.

Maradhi haya yalielezwa kitaalamu mwaka 1952 na Daktari Schwartz, aliyeyaona kwa wanawake 5 wenye asili ya Kihindi Afrika ya Mashariki. Huanza kwa mwako mgonjwa alapo pilipili. Kisha utando hupauka, mashavu huwa magumu, na mdomo hushindwa kufunguka sawasawa.

Damu ya wagonjwa hao ilipopimwa, hasa nchini India, mara nyingi ilionekana kuwa na madini ya shaba kupita kiasi, na madini ya chuma na zinki pungufu. Sababu zake ni hizi. Popoo ina shaba nyingi, nayo huyeyuka katika mate wakati wa kutafuna. Shaba huchochea kazi ya kufungamanisha nyuzi za mwili. Ikizidi, nyuzi hukazana na utando hupoteza ulaini wake. Ama chuma, sehemu yake hutumika katika kutengeneza nyuzi hizo, na mgonjwa asiyeweza kula vizuri hapati ya kufidia. Utando uliokosa chuma huwa mwembamba, na huumizwa upesi na ukali wa popoo.

Wapo wanaodhani kuwa vidonge vya kuongeza damu vinatosha. Sivyo. Vidonge hurejesha chuma kilichopungua, lakini haviyeyushi nyuzi zilizokwisha kukaza, wala haviondoi shaba inayoingia kwa kila tambuu. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha uamuzi kuwa popoo husababisha saratani kwa binadamu.

Hivyo basi, watumiaji wanashauriwa kuiacha popoo mapema, kwani kinywa kilichokwisha kukakamaa ni nadra kurudi kama kilivyokuwa. Aidha, mtumiaji asiyeweza kuingiza vidole vyake 3, vilivyopangwa wima, baina ya meno ya juu na ya chini, aende kwa daktari wa meno bila ya kuchelewa.