Kwa Nini Pigo Huchelewa Njiani?

Katika kibanda cha gemu mjini Misungwi, vijana wawili huketi mbele ya televisheni moja, kila mmoja na pedi yake, wakishindana katika mchezo wa Tekken. Mchezo huo ulianza mwaka 1994 katika mashine za kutumbukiza sarafu, ukaingia katika mashine ya nyumbani, PlayStation, mwaka 1995. Mitambo ya mashine hizo mbili ilikuwa ya ukoo mmoja, hivyo tofauti ilikuwa ndogo. Haikuwa hivyo kwa Street Fighter II ya mwaka 1991. Ilipohamishiwa nyumbani mwaka 1992, ilibidi picha na sauti zipunguzwe ili zienee katika kumbukumbu ndogo.

Leo tofauti kubwa haimo ndani ya mashine, bali katika umbali baina ya wachezaji wanaokutana kwa intaneti.

Picha za mchezo hubadilika mara 60 kwa sekunde. Chukua mfano wa teke linalotumia picha 16 kumfikia mtu. Jicho na kidole huhitaji karibu picha 12, yaani moja ya tano ya sekunde, ili kujikinga. Kibandani, basi, mchezaji hubaki na akiba ya picha 4.

Mpinzani akiwa Ulaya, hesabu hubadilika. Nuru hupita katika nyuzi za kioo za mkongo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 hula picha 3. Akiba hubaki picha 1 tu, kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa minara na mitambo ya njiani. Hasara hiyo humpata mpinzani pia, lakini humwumiza zaidi aliyezoea kujikinga kwa jicho.

Mwaka 2006 Tony Cannon alitoa GGPO, programu inayokisia hatua ya mpinzani kabla ujumbe haujafika. Ikikosea, hurudi nyuma na kusahihisha. Njia hiyo huficha ucheleweshaji, haiuondoi.

Kwa hiyo kununua kifurushi kikubwa zaidi si dawa. Kifurushi huongeza shehena, hakifupishi safari. Kijana wa Misungwi asitupe fedha zake wala kulaumu vidole vyake. Atafute kwanza mpinzani wa Mwanza au Dar es Salaam, ambako nuru hufika kabla picha moja haijabadilika.