Watani, Ngoma na Haki: Somo la Kilosa kwa Tindiga

Msiba ukitokea vijijini Morogoro, ndugu hulia, watani nao huja na kazi yao. Mmoja huvaa nguo za marehemu, akashika bakora yake, akaiga mwendo na sauti yake mbele ya waombolezaji. Alivyokuwa mkali kwa wakeze, alivyokwepa madeni, yote huonyeshwa hadharani. Watu hucheka machozi yakiwatoka, na mwiko ni kukasirika.

Desturi hiyo ni sanaa na ni baraza. Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na Waluguru, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wamezoea jambo zito kupitia kwenye wimbo na fumbo. Unyagoni mwali hufundishwa kwa nyimbo. Kwenye ngoma, mwanamke asiyepewa nafasi mkutanoni huimba kilio chake, wenzake wakaitikia, na mhusika akajijua bila kutajwa.

Njia hiyo imetumiwa na wasomi pia. Profesa Penina Mlama, anayefahamika pia kama Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia ya Tambueni Haki Zetu, alizaliwa Berega, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, mwaka 1948. Miaka ya 1980 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijiji vya Malya na Msoga, na pia Mkambalani iliyo nje kidogo ya mji wa Morogoro. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji wakachambua shida zao, kisha wanakijiji wenyewe wakazitungia ngoma, ngonjera na maigizo. Baada ya onyesho, watazamaji walijadili la kufanya. Mwaka 1996 mbinu hiyo ilizaa Tuseme, mpango uliowawezesha wasichana wa sekondari kuigiza yanayowakwaza mbele ya walimu na wazazi.

Tindiga, kata ya wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, inahitaji uwanja wa namna hiyo. Katika bonde la Kilosa mkulima wa mpunga na mahindi na mfugaji wa ng'ombe hutegemea ardhi ile ile na maji yale yale. Uhasama wao umekwisha kumwaga damu: Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, humo humo Kilosa. Vikao vya usuluhishi ni vya lazima, lakini huko husema zaidi viongozi. Mama aliyeliwa shamba na kijana aliyepotelewa na mifugo hubaki na uchungu wao.

Tukumbuke kwamba utani mwingi nchini ulizaliwa na vita. Wangoni ni watani wa makabila waliyopigana nayo. Basi morani wa Kimaasai kwa upande wa wafugaji na wapiga ngoma wa Kisagara kwa upande wa wakulima wakutanishwe, kila upande uigize madhila ya mwenzake, na wazee wasikilize mpaka mwisho kabla ya kuamua. Mtu aliyewahi kuyaigiza machungu ya jirani yake atasita kumwinulia panga au mkuki.