FUMBO LA MANENO: JE, KUTAFUTA JIBU KWENYE SIMU NI UDANGANYIFU?

Lile jedwali la visanduku vyeupe na vyeusi, ambalo magazeti yetu huliita chemshabongo au fumbo la maneno, limeingia katika nyumba nyingi. Siku hizi limeingia pamoja na simu. Mtu akikwama kwenye "Kulia 9" hasubiri tena hadi gazeti lijalo lilete majibu. Huandika swali kwenye intaneti, na mara neno limepatikana.

Katika umoja wetu wa akina mama hapa Namasakata, mkoani Ruvuma, jambo hili lilileta ubishi mkubwa. Wapo waliosema kwamba kutazama simu ni udanganyifu na haifai mama Mkristo kuufanya mbele ya watoto. Wengine walisema simu ni chombo tu kama mwiko au jembe. Mama mmoja alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba hata kamusi isiruhusiwe. Hapo niliona yafaa tulitazame jambo hili tangu chanzo chake.

MSAADA ULIANZA PAMOJA NA MCHEZO

Fumbo la kwanza la namna hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool huko Uingereza, likachapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa na umbo la almasi, siyo mraba kama haya tunayoyajua. Mwaka 1924 kilitoka kitabu cha kwanza cha mafumbo haya, kikauzwa pamoja na penseli yake, na Marekani nzima ikashikwa na homa ya mchezo huo. Watu walifurika maktaba kutafuta maneno katika kamusi hata wasomaji wengine wakakosa nafasi. Kampuni moja ya reli iliweka kamusi ndani ya mabehewa kwa ajili ya abiria.

Kwa hiyo kutafuta msaada si jambo lililoletwa na simu. Na tusisahau kwamba aliyelea mchezo huu hadi ukawa na kanuni zake ni mwanamke, Margaret Farrar. Aliyasimamia mafumbo ya gazeti la New York Times kuanzia mwaka 1942 hadi 1969.

Mimi nasimama hapa: fumbo la gazeti si mtihani, wala mwenye gazeti hakutuapisha. Anayecheza peke yake jikoni huku maharage yakichemka ana uhuru wa kutazama kamusi, simu, au kumwita mumewe. Udanganyifu huanza pale ambapo kuna mapatano. Tukikubaliana kwamba tunashindana bila vitabu, basi atazamaye kwa siri anawadanganya wenzake. Na akipewa zawadi ya sabuni kwa ajili ya hilo, ameichukua isivyo haki. Ubishi wetu ulipungua sana tulipoanza kutangaza kanuni kabla ya kugawa karatasi.

KISWAHILI KINA NJIA ZAKE

Wako mabingwa wa kompyuta waliotengeneza programu za kufumbua mafumbo. Mwaka 2021 programu moja iitwayo Dr. Fill ilipata alama za juu kuliko washindani wote katika mashindano makubwa ya Marekani. Kwenye intaneti pia zipo kurasa ambazo unaandika herufi ulizo nazo, ukaweka alama ya kuuliza mahali pa zile usizozijua, nazo zikakuletea orodha ya maneno. Tatizo ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza. Ukizipa herufi za neno "ng'ombe", zitakuletea maneno yasiyo na maziwa wala pembe.

Kamusi za Kiswahili zipo, tena za kutosha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA ilitoka mwaka 2015. Hata kwenye intaneti, kazi ya kukusanya kamusi ya Kiswahili ilianza mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale, kabla wengi wetu hatujaiona kompyuta kwa macho. Lakini ni lazima ujue namna ya kuuliza. Kidokezo kikisema "Watunzao wagonjwa, herufi 7", jibu ni WAUGUZI, ila ukilitafuta kwenye W huenda usilione. Kamusi huweka umoja, basi tafuta MUUGUZI kwenye M. Vivyo hivyo vitenzi: ukitaka "walipikiwa", nenda kwenye "pika".

Kabla hujagusa simu, lugha yetu yenyewe inakupa msaada wa bure. Karibu maneno yote ya asili ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kina A, E, I, O au U. Kidokezo kikitaka wingi, jaribu kuanza na WA, MI, VI au MA. Mama anayezijua ngeli, hata kama hajui kwamba zinaitwa ngeli, ameshajaza robo ya jedwali.

Katika mafumbo ya Biblia, ambayo ndiyo tunayoyapenda zaidi, chombo bora ni itifaki, kile kitabu kinachoonyesha kila neno limeandikwa wapi. Biblia iliyomo kwenye simu hufanya kazi hiyo hiyo kwa sehemu ya kutafutia neno. Angalieni tu ni tafsiri ipi iliyotumiwa na mtunzi. Union Version ina Musa, Yohana na Sulemani, bali Habari Njema ina Mose, Yohane na Solomoni. Idadi ya herufi ni ile ile, kwa hiyo jibu litaingia vizuri kisha liharibu maneno yote yanayolikata. Nimeona akina mama wawili wakisusiana Jumapili nzima kwa sababu ya A na E ya Yohana, na wote wawili walikuwa sahihi.

Kuhusu hizi programu mpya unazoziuliza swali nazo zikajibu kama mtu, zitumieni kwa hadhari. Mara nyingine hutoa neno la herufi tisa na kusema kwa uhakika kwamba ni saba. Hesabu mwenyewe kwa kidole.

"NIMESAHAU KUSOMA"

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu mimi ni muuguzi na maneno haya nimeyasikia mara nyingi. Tunapogawa mafumbo, daima yupo mama wa miaka arobaini na mitano au hamsini anayerudisha karatasi na kusema, "Dada, mimi nilimaliza darasa la saba zamani, nimesahau kusoma." Wenzake humwonea huruma, wakamsomea. Naye anakubali kwamba kusoma kumempita. Anaacha Biblia, anaacha barua za shule za watoto, hata karatasi ya dawa anampa mtoto amsomee.

Mpe karatasi hiyo hiyo aishike mbali, mkono umenyooka, mchana kweupe. Wengi wao huanza kusoma. Hawakusahau chochote. Kuanzia umri wa miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Ni jambo la kawaida kama mvi, na tiba yake ni miwani ya kusomea. Apimwe macho kwanza, maana yapo magonjwa mengine kama mtoto wa jicho na presha ya macho ambayo hayatibiwi kwa miwani ya kusomea. Simu nayo ina faida hapa, kwani maandishi yake yanaweza kukuzwa kwa vidole viwili.

Ndugu mama, kama mama mkwe wako au dada yako ameacha kusoma, msimcheke wala msimsomee tu. Mpelekeni akapimwe.

Lipo na jambo la pili. Wengi huniuliza kama mafumbo huzuia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Hilo halijathibitishwa. Kuifanyisha akili kazi ni kuzuri, lakini mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilipotaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo, yalikuwamo shinikizo la damu, kisukari, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, kutofanya mazoezi na upweke. Basi bibi anayefumbua mafumbo kila jioni huku amekatiza dawa za presha hajajisaidia.

Na mtu aliyechanganyikiwa ghafla, aliyekuwa anajua majina ya wajukuu jana na leo hayajui, huyo si wa kupewa fumbo. Yaweza kuwa malaria kali, sukari, maambukizo au kiharusi. Ikiwa mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

WATOTO NA ZAWADI

Kwa watoto mimi ni mkali kidogo. Penseli kwanza, kamusi ya karatasi baadaye, simu mwisho. Mtoto wa darasa la tano akizoea kupokea jibu kabla hajasumbuka, hata hesabu atataka zifanywe hivyo.

La mwisho ni fedha. Ziko kurasa na ujumbe wa simu unaosema umeshinda chemshabongo ambayo hukuicheza, kisha unaombwa utume "ada ya kufungua zawadi" au namba yako ya siri ya akaunti ya pesa. Msitume hata shilingi, na namba ya siri msimpe mtu yeyote. Hapa Tanzania namba za matapeli hutolewa taarifa kwa ujumbe kwenda 15040. Mashindano ya gazeti la kweli huchapwa kwenye gazeti lenyewe, yakiwa na masharti yake na tarehe ya mwisho, na unaweza kumwonyesha mumeo ukurasa huo kabla hujajibu.