Rahisi Isiyo Rahisi

Zamani, aliyeonekana Chunya ndani ya gari la fahari aghalabu alikuwa mkubwa wa serikali au mgeni. Leo mambo yamebadilika. Toyota Harrier, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, na ambalo Marekani liliuzwa kwa jina la Lexus, ni gari la anasa. Lakini likishatumika, wauzaji wa Japani hushindana kulishusha bei, na mchimba dhahabu wa Lupa naye hulimudu.

Hatusemi ni vibaya. Ushindani umebomoa ukuta uliowatenga wakubwa na wadogo. Lakini, ndugu mwananchi, bei ya mnadani siyo bei ya mlangoni. Juu yake ipo nauli ya meli, ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani, na nyongeza kwa gari kuukuu. Kisha huja mafuta na vipuri, ambavyo havijali kwamba gari lilinunuliwa kwa bei nafuu.

Dhahabu huchimbwa mara moja tu. Kabla ya kuibadili kwa shangingi, hatuna budi kujiuliza: je, karasha limelipiwa? Shamba limepata mbolea? Watoto wamelipiwa shule? Rahisi iliyozidi uwezo wa mfuko ni ghali.