Mwanao anafundisha Kiingereza ughaibuni na bosi anamnyima usingizi? Msaidie hivi

Simu inaita saa tatu usiku. Mama anapokea, anaitikia shikamoo ya binti yake aliyeko Bangkok, Thailand, na kwa dakika kumi wanazungumza habari za nyumbani: miguu ya bibi inaendeleaje, mdogo wake amepata wastani gani, mvua zimeanza au bado. Kazini je? "Kawaida tu mama, namshukuru Mungu." Wanaagana.

Jambo ambalo mama hakuliangalia ni saa. Thailand iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa nne. Saa tatu usiku ya hapa ni saa saba usiku ya kule. Kesho yake saa mbili asubuhi wimbo wa taifa unapigwa, bendera inapandishwa, na mwalimu anatakiwa awe amesimama uwanjani na wanafunzi wake. Binti anayepiga simu saa hiyo katikati ya wiki, kwa wiki ya tatu mfululizo, huenda ana jambo zito kuliko kuwakumbuka wa nyumbani.

Chukua binti huyo kama mfano. Ana miaka 26, ana shahada ya ualimu, na amepata nafasi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi. Vijana wa Afrika Mashariki wanaofuata njia hiyo wapo, kwa kuwa Kiingereza wanakijua na ajira za ualimu nyumbani ni za kugombania. Watoto anawapenda na chakula amekizoea. Kinachomshinda ni bosi wake: makamu mkuu wa shule anayemwongezea kazi bila kumuuliza, anayemtumia ujumbe wa LINE saa nne usiku, na aliyewahi kumkosoa mbele ya walimu wenzake.

Haya mama hayajui. Na mzazi asiyejua hawezi kusaidia.

Kwa nini wananyamaza

Sababu ya kwanza ni fedha. Mara nyingi safari ya kijana imegharimiwa na ukoo: shamba limeuzwa, mkopo wa kikundi umechukuliwa, mjomba amechangia tiketi. Akishafika, ada ya mdogo wake inamtegemea yeye. Kusema "kazi imenishinda" anaona ni sawa na kuwaambia wote hao kwamba mchango wao umepotea.

Sababu ya pili ni makaratasi. Nchini Thailand mwalimu wa kigeni huhitaji viza ya kazi, kibali cha kazi, na leseni au ruhusa ya muda kutoka baraza la walimu la nchi hiyo, Khurusapha. Kibali kimefungwa kwa mwajiri, na ajira ikikoma, ruhusa ya kuishi iliyotokana nayo nayo hukoma. Bosi anajua hivyo, na mwalimu anajua kwamba bosi anajua. Hata bosi asipotamka tishio lolote, mwalimu hulihisi.

Sababu ya tatu ni wakala. Walimu wengi wa kigeni huajiriwa na wakala kisha wakapelekwa shuleni, hivyo wana mabosi wawili. Shule inasema mshahara ni suala la wakala, wakala anasema ratiba ni suala la shule. Baadhi ya mikataba hiyo ni ya miezi kumi, ikimaanisha likizo ndefu ya kuanzia Machi hadi katikati ya Mei haina mshahara. Kijana ambaye hakuusoma mkataba vizuri hugundua hilo Februari.

Mwili husema kabla ya mdomo

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeeleza uchovu uliokithiri wa kazini kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu wa kazi ambao haukudhibitiwa. Halikuuita ugonjwa. Lilitaja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuichukia, na kuona kwamba huna tena ufanisi.

Kwenye simu, sura hizo mzazi anaweza kuzisikia. Kijana aliyekuwa akisimulia vituko vya wanafunzi wake sasa anasema "hawa watoto wananichosha." Aliyekuwa akituma picha kila Jumapili sasa anasema alilala siku nzima. Kila wiki kichwa kinauma, tumbo linawaka, mafua hayaishi.

Hapo kuna swali moja la kiafya ambalo mzazi asiache kuuliza: unakunywa dawa gani? Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, zikitumiwa mara kwa mara, zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo. Kijana anayetuliza kichwa kwa vidonge kila siku huku akiruka mlo anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kadhalika kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyomsaidia mchana ndivyo vinavyomkesha usiku.

Akianza kusema maneno kama "afadhali nisiwepo," usiyachukulie kama utani. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, ila kunampa nafasi ya kulisema. Usimwache peke yake kwenye simu, tafuta mtu aliye karibu naye, na ahimizwe kwenda hospitali siku hiyohiyo. Thailand ina simu ya afya ya akili, namba 1323.

Maneno mawili ya kuepuka

La kwanza ni "vumilia, wenzako wanaitafuta kazi hiyo." Mzazi hulisema kwa nia njema, lakini kijana analielewa hivi: usiniambie tena. Na kweli hatakuambia.

La pili ni "rudi kesho." Hili nalo linatoka kwenye uchungu, ila linamwongezea hofu mtu ambaye tayari ana hofu. Anafikiria deni, viza na majirani.

Kati ya hayo mawili kuna maneno mengine. "Nieleze siku yako ya jana, tangu ulipoamka." "Ni kitu gani hasa alisema?" Kisha mzazi anyamaze asikilize. Na kama familia inategemea fedha zake, sentensi moja inaweza kumshusha mzigo kuliko ushauri wowote: "Mwezi huu na ujao usitume kitu, tutajibana." Mzazi anayeweza kulisema hilo amempa mwanawe nafasi ya kupumua na kufikiri. Asiyeweza kusimamisha zote, apunguze nusu.

Bosi mgumu ni wa aina gani?

Kabla ya kushauri, mzazi na mwanawe watenganishe mambo matatu, kwa sababu kila moja lina dawa yake.

*Wa kwanza ni bosi ambaye hamjaelewana desturi.* Wathai wana neno "kreng jai," linalokaribiana na kile watu wa pwani wanachokiita kustahi: kujizuia usimsumbue wala kumpa mwenzako usumbufu wa nafsi, hasa aliye juu yako. Kumpinga mkubwa katika kikao, hata kwa hoja nzuri, ni kumvua nguo hadharani. Kupaza sauti kunampotezea heshima aliyepaza.

Tuseme Ijumaa mchana makamu mkuu anatangaza kuwa kesho kuna kambi ya Kiingereza na walimu wote wa kigeni wafike. Binti akisema mbele ya wote "mkataba wangu hausemi Jumamosi," anaweza kuwa na haki na bado akapoteza. Njia inayofaa zaidi ni kumfuata baadaye faraghani, kumsalimia kwa kuunganisha viganja kama desturi yao ilivyo, kumshukuru, kisha kuomba: "Kesho nitakuja. Kambi zijazo naomba nijulishwe wiki moja kabla ili nijiandae vizuri, na kama inawezekana nipate siku ya kufidia."

Njia bora zaidi ni kupitia mtu. Shule nyingi zina mwalimu wa Kithai anayeratibu walimu wa kigeni. Huyo ndiye mshenga. Kama ambavyo kwetu kijana haendi mwenyewe kutamka mahari, kule neno zito hupita vizuri zaidi kwa mtu wa kati anayejua lugha na anayejua siku ambayo bosi ana furaha.

Alama za mitihani nazo huleta ugomvi. Katika shule nyingi za Thailand mwanafunzi hatarajiwi kufeli moja kwa moja, hupewa jaribio la marudio. Mwalimu mgeni akiambiwa "huyu apite" anaona anaamrishwa kudanganya. Badala ya kukataa, aombe kuandaa jaribio jepesi la marudio. Mtoto anapata alama aliyoifanyia kazi, bosi anapata alichotaka, na mwalimu analala bila doa moyoni.

*Wa pili ni bosi anayenyanyasa.* Huyu anatukana, anamtenga mtu mmoja, anakata mshahara kwa visingizio, au anatoa maneno ya kumtaka mwalimu kimapenzi. Hili si suala la desturi. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha mwaka 2019 mkataba namba 190 unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, kwa sababu vitendo hivyo havina utetezi popote.

Hapa silaha ni kumbukumbu. Kijana awe na daftari: tarehe, saa, alichosema bosi, nani alikuwepo. Ujumbe wa LINE aupige picha ya skrini na autume nyumbani, usibaki kwenye simu yake tu. Akipewa agizo la mdomo, aandike ujumbe mfupi wa heshima: "Nathibitisha kwamba umeniomba nifundishe vipindi 26 kuanzia Jumatatu." Mzazi atunze nakala za mkataba, kurasa za pasipoti, viza na kibali cha kazi. Kazi hiyo haihitaji kujua Kiingereza.

*Wa tatu si bosi, ni mhalifu.* ILO ina orodha ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa. Miongoni mwake ni kunyang'anywa hati za utambulisho, kunyimwa mshahara, kuzuiwa kutoka, vitisho na utumwa wa madeni. Mwajiri anayeshikilia pasipoti "kwa usalama" na kukataa kuirudisha ameshaingia kwenye orodha hiyo. Hatari hii ni ya kweli: wapo watu walioahidiwa kazi halali Thailand, ukiwamo ualimu, wakajikuta wamevushwa mpaka hadi Myanmar kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Mapema mwaka 2025, raia wa Kenya, Uganda na Ethiopia walikuwa miongoni mwa maelfu waliotolewa huko.

Katika hali hii hakuna kuomba kwa adabu wala kutafuta mshenga. Ni ubalozi, polisi, na wizara ya mambo ya nje nyumbani. Kenya ina ubalozi Bangkok. Mzazi wa nchi isiyo na ubalozi huko aanzie wizarani kwake, akiwa na zile nakala mkononi. Polisi wa watalii wa Thailand, namba 1155, hupokea simu za wageni kwa Kiingereza.

Kuondoka bila kutoroka

Wapo walimu wanaofunga begi usiku na kupotea. Raha yake ni ya siku mbili. Baada ya hapo ruhusa ya kuishi imekoma, na anayezidisha muda hutozwa baht 500 kwa siku, hadi kufikia baht 20,000. Shule inayofuata nayo itauliza barua ya ile ya kwanza.

Kama hayuko hatarini, aondoke kwa kalenda. Muhula wa kwanza huanza katikati ya Mei na kuisha mapema Oktoba, wa pili huanza karibu na Novemba na kuisha Machi. Atoe notisi kwa maandishi kama mkataba unavyosema, adai barua ya utumishi, na ahakikishe shule mpya imeanza makaratasi kabla ya ile ya zamani kuyafuta. Muda wote huo, nauli ya kurudi isiguswe. Ikiwezekana, akae nayo mzazi.

Kwa mzazi ambaye mwanawe bado hajaondoka, kinga ni rahisi kuliko tiba. Wakala akaguliwe, kwa TaESA nchini Tanzania au Mamlaka ya Taifa ya Ajira nchini Kenya. Mkataba usomwe mezani na familia nzima, na maswali manne yajibiwe: mwajiri ni shule au wakala, mshahara ni wa miezi mingapi, vipindi vingapi kwa wiki, na anaingia kwa viza gani. Anayeambiwa "ingia kwa viza ya utalii, mengine tutayapanga hukohuko" asipande ndege.

Na kwa yule mama wa saa tatu usiku, pa kuanzia si pakubwa. Simu ikiita tena usiku wa leo, aangalie saa ya ukutani, ajumlishe nne, kisha aitikie marahaba. Halafu kabla ya bibi na mvua, aulize: "Mwanangu, huko ni saa saba. Mbona hujalala?"